Huduma ya Kila Siku

Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, ya kwamba wajane wengine walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwapa maneno matupu, bali waliagiza wachaguliwe watu 7 kwa kazi hiyo.

Nasi tukaao Masasi na Newala twaijua nchi yetu. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Tangu zamani mama zetu walishuka mabondeni kuteka maji. Leo bomba likikauka, bibi akaaye peke yake atashukaje? Watoto wake wako mijini. Akianguka usiku, nani atajua kabla ya Jumapili?

Basi, kanga ya Krismasi haitoshi. Kila mtaa uchague nyumba moja kwa kila mzee: wamwamkie kila asubuhi, wamjazie mtungi, waezeke paa lake kabla ya masika. Lakini wamwulize kwanza apendavyo, maana nyumba ni yake.

Hao ndio waliotubeba mgongoni, wala hawakutubeba siku ya sikukuu tu. Bwana atujalie kuwakumbuka. Amina.