Harufu Iliyo Rehema



Siku hizi wengi wetu twapika kwa gesi ya mitungi. Gesi hiyo kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya hutiwa kwa makusudi, ili tuonywe. Mwaka 1937, huko New London, Texas, nchini Marekani, gesi isiyo na harufu ilikusanyika chini ya shule pasipo mtu kujua. Ilipolipuka, watu karibu 300 walikufa, wengi wao watoto.

Basi tuisikiapo harufu ile, hatuwashi kiberiti wala taa. Twafunga mtungi na kufungua milango, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, nayo hulala chini. Hewa ikiisha kusafika, twapaka povu la sabuni kwenye maungio na mpira, kisha twafungua mtungi kidogo. Panapovuja, mapovu huvimba. Mpira uliopasuka haufungwi kitambaa, hubadilishwa.

Dhamiri nayo ni onyo la namna hiyo, tulilopewa kwa rehema. Kinyongo kati ya mume na mke, au kati ya wazee wa kanisa, huvuja kidogo kidogo na kulala chini. Wengine wetu huizoea harufu hata wasiisikie tena. Wengine huitafuta kwa moto wa maneno makali, na nyumba nzima huungua. Sisi na tutafute kwa upole, kiungo kwa kiungo, tukianzia mioyoni mwetu, kama aombavyo mwenye Zaburi ya 139. Na tukipaona panapovuja, tupatengeneze kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana.