Orestes alimjua muuaji

Katika tamthilia tatu za Mgiriki Aeschylus zilizochezwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, mfalme Agamemnon anamtoa binti yake kafara, mkewe anamuua, kisha mwana wao Orestes anamuua mama. Mwishowe mungu wa kike Athena anawaapisha raia wasikilize kesi. Kura zinalingana, Orestes anaachiliwa.

Kilifi, pwani ya Kenya, kisasi kina kiroja chake. Mtoto anaugua na kufariki, mganga anaulizwa, kidole kinaelekezwa kwa babu mwenye mvi. Panga hufuata. Orestes angalau alimjua aliyemuua baba yake. Wauaji wa Kilifi hulipiza kifo ambacho huenda kililetwa na malaria. Na mara nyingi (hili halihitaji ramli) mzee aliyeuawa alikuwa na shamba ambalo wanawe walitaka ligawanywe. Kule Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimewapa hifadhi wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe.

Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inakataza kumsingizia mtu uchawi. Ila mahakama huhitaji shahidi, na shahidi aliyeona huenda ni mtoto wa marehemu. Anayeshtakiwa ni kaka yake.