Nafasi Iliyoachwa Wazi

Kijana wa Kimara anayecheza mpira wa magongo hupanda mwendokasi asubuhi na mapema, akashuka Ubungo na kutafuta daladala ya Mwenge, gongo lake likichungulia kwenye begi mgongoni. Anakwenda mazoezini Lugalo. Moyoni anatamani kufunga bao, lakini kocha mwenye busara huanza na kuziba nafasi.

Timu ina watu kumi na mmoja, kipa akiwemo, na mara nyingi mabeki ni wanne. Beki wa kulia akiona mwanya hupanda na mpira. Akinyang'anywa, alikotoka kumebaki wazi. Hapo ndipo uwatazame wenzake. Beki wa kati anasogea kulia, wa kushoto anaingia katikati, kiungo mmoja anarudi mbio kushika upande wa kushoto. Hakuna anayesimama kunyoosha kidole. Bao halikubaliwi mpaka mpira upigwe ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli, kwa hiyo wote wanapigania kumchelewesha mpinzani nje ya mstari ule: magoti yamekunjwa, gongo limelazwa chini kabisa, macho hayabanduki kwenye mpira. Aliyekosea naye anarudi anahema, anakuta pake pamelindwa.

Ndugu yangu, nyumbani kwako ni nani aliyepoteza mpira wiki hii? Mume aliyetumia pesa ya ada? Binti aliyekujibu vibaya mbele ya wageni? Nawe ulianza na lipi, kuziba pengo au kutangaza kosa?

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya nne, anaupa upendo kazi ya kusitiri makosa mengi. Simwelewi kuwa anatuagiza kufunika uovu unaoumiza watu. Huo lazima usemwe na aliyeumizwa alindwe. Kocha pia husema. Ila husema wakati wa mapumziko, kwa sauti ya kawaida, na kijana humsikiliza kwa sababu ameshaona wenzake walivyomkimbilia.

Zipo siku ambazo pengo halizibiki. Mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya Moscow, timu yetu ya taifa ya wanaume, ya Tanzania, ilifungwa na India mabao 18 kwa 0 katika mechi yake ya kwanza. India ndiyo iliyotwaa dhahabu. Vijana wetu walirudi uwanjani wakacheza mechi zote zilizobaki, wakamaliza wa sita kati ya timu sita. Mimi nawaheshimu sana kwa kurudi kule. Je, wewe umewahi kurudi kwenye ndoa, kwaya au kazi baada ya kushindwa mbele za watu? Mungu aliuona ujasiri huo.

Basi wiki hii, mpendwa, mtafute mmoja aliyeiacha nafasi yake wazi. Mfanyie kazi yake ya siku moja, usimtangazie mtu. Yaliyobaki mtazungumza baadaye, mkiwa wawili.