Kanisa Linalofundisha



Pengine mmekwisha kuulizana: Mungu anasikia sala hata chini ya mwembe, basi kwa nini tutaabike kuchoma matofali ya kanisa? Sikilizeni habari za kanisa la Mtakatifu Giles katika mji mdogo wa Cheadle, nchi ya Uingereza, lililojengwa zamani za Malkia Victoria.

Huko Wakatoliki walikatazwa miaka mingi kusali waziwazi. Sheria ya mwaka 1791 iliwaruhusu kuwa na nyumba za Misa, lakini zisizo na mnara wala kengele. Ndiyo kusema, salini, ila msionekane. Mwaka 1829 sheria nyingine iliwarudishia karibu haki zote za raia. Ndipo John Talbot, bwana mkubwa wa Shrewsbury, Mkatoliki mwenye mali, alipomwita Augustus Pugin amchoree kanisa. Kazi ilianza mwaka 1841. Mnara wake una urefu wa metre 61. Wale waliokuwa wakijificha, sasa nyumba yao ilionekana toka mbali.

Pugin hakuzaliwa Mkatoliki. Alipokelewa katika Kanisa mwaka 1835, mwenye umri wa miaka 23. Alifundisha ya kuwa jengo lisiseme uongo: boriti inayoonekana iwe ndiyo inayobeba paa, na pambo liipambe kazi iliyopo, lisiwe la kudanganya macho.

Haya, tuingie. Milango ya mbele ni myekundu, na juu yake wamesimama simba wa dhahabu, alama ya ukoo wa Talbot. (Mimi ningalipenda kuuona msalaba mahali pao.) Ndani, kuta, nguzo na dari zimejaa rangi, na chini vimetandikwa vigae vyenye michoro. Mbele, juu ya upinde mkubwa, imechorwa Hukumu ya Mwisho. Chini yake umesimama uzio wa mbao zilizochongwa, na juu ya uzio Yezu Msalabani, pamoja na Mama Maria na Yohane. Upande wa pili ndipo ilipo altare, na nyuma yake dirisha la vioo vya rangi laonyesha Shina la Yese, ukoo wa Mwokozi. Asiyejua kusoma hata herufi moja huenda akifundishwa kila hatua: nitahukumiwa, nimekombolewa kwa Msalaba, nimealikwa mezani pa Bwana.

Juu ya uzio ule palikuwa na ubishi mkali. Wakatoliki wengine walisema, watu na waione Misa, wasizuiliwe. Neno lao lilikuwa na haki. Pugin alijibu kwamba fumbo takatifu halikaribiwi kama soko, wala hakukubali kushindwa.

Je, maskini walisahauliwa? Kando ya kanisa zilijengwa pia shule na nyumba ya masista. Nalo kanisa lilifunguliwa tarehe 1 Septemba 1846, sikukuu ya Mtakatifu Giles, msimamizi wa vilema.

Bwana Talbot na Pugin walikufa wote mwaka 1852, Pugin akiwa na miaka 40 tu. Parokia ya Cheadle ingali ikisali humo.

Jumapili, mkiingia katika kanisa letu, tazameni kisima cha ubatizo kimewekwa wapi, na altare wapi, mkamwulize mkatekista sababu yake.