TAFAKURI YA LEO: Simu ya Zamani



Umebana bajeti ya simu mpya: kava, protekta, chaja. Pesa imepungua kidogo, unauza ile ya zamani kujazia. Unajua betri yake haifiki adhuhuri. Mnunuzi hajauliza. Je, kunyamaza ni udanganyifu?

Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kosa halikuwa mvua, ni kuificha.

Basi itaje betri, hata bei ikishuka. Kava lisubiri mwezi ujao. Huyo mnunuzi naye kabana bajeti kama wewe, na huenda kafunga pia.

Ramadhan karim.