Jua la Asubuhi Liko Mgongoni

Wanangu mnaoendesha baiskeli Umoja, Donholm na Kayole, hapa Eastlands ya Nairobi, nawasikia mkisema kompyuta ya sola kwenye usukani haihitaji soketi kamwe. Msidanganyike.

Kampuni ya Garmin walipotoa kompyuta yao ya Edge 1040 Solar mwaka 2022, walisema jua huongeza hadi dakika 42 za chaji kwa kila saa ya safari ya mchana, kifaa kikiwa katika hali ya kuokoa betri. Hesabu hiyo ni ya mwangaza wa laksi 75,000, yaani jua kali. Sasa tazameni safari zenu. Anayetoka Komarock alfajiri kwenda Industrial Area anaelekea magharibi, jua linachomoza nyuma yake na mwili wake unakitia kioo kivuli. Jioni anarudi mashariki, na jua liko mgongoni tena! Sisi wa Eastlands tumepangiwa hivyo na barabara zenyewe. Ongezeni mawingu ya Julai, mtaelewa kwa nini chaji haipandi. Jua mtalipata Jumamosi mkielekea Tala saa sita mchana, nalo litawafaa kweli.

Basi faida ya sola ni nini? Ni umri wa betri. Kila tone la jua linapunguza safari za kwenda kwenye soketi, na betri ya lithiamu huchakaa kwa kujazwa na kumalizwa mara nyingi. Ila betri hiyo inachukia joto. Nimeona kijana akiianika kompyuta yake juu ya mabati eti ijae haraka. Mabati yakipata moto, betri inazeeka kabla ya wakati wake. Ikiwa hamwendeshi, iwekeni kivulini, chaji ikiwa nusu hivi. Vumbi la Kangundo Road lifuteni kwenye kioo kwa kitambaa laini chenye maji, maana mikwaruzo na uchafu huziba mwanga. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kikilegea, tafuteni kingine kabla ya mvua za Aprili.

Kuna jambo linalonitia hofu kuliko betri. Kifaa hiki huandika kila kona mliyopita, na wengi mnazituma safari hizo kwenye programu ya Strava zilivyo, kuanzia geti la ploti yenu. Mwizi anajifunza nyumba, saa ya kutoka, hata thamani ya baiskeli. Programu hiyo ina sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa safari, iwasheni leo. Na mkisimama kibandani kunywa chai, kichomoeni kifaa mkitie mfukoni, hata kama mama wa chai mnamjua tangu utotoni.