Chui wa Kibo

Mawingu yakiondoka asubuhi, watu wa Levolosi huuona mlima Meru umesimama juu ya mji wa Arusha. Katika misitu ya mlima ule chui wamo, lakini si wengi waliopata kuwaona. Chui hutembea peke yake, huwinda usiku, huficha mawindo yake mtini, na mchana hujisitiri. Tabia yake ni siri.

Huyu si chui wa theluji. Chui wa theluji hukaa katika milima ya Asia, na maumbile yamempa manyoya mazito, nyayo pana za kukanyagia theluji, na mkia mrefu ambao hujifunikia alalapo. Chui wetu hakupewa vazi hilo. Hata hivyo, katika mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, aliukuta mzoga wa chui uliogandishwa na baridi juu ya Kibo, katika Kilimanjaro, mlima ulio jirani ya Meru. Ulikuwa karibu na ukingo wa kreta, mahali pasipo majani wala windo. Mwaka 1936 Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alimtaja chui huyo mwanzoni mwa hadithi yake juu ya theluji za Kilimanjaro, na tangu hapo watu hawajaacha kuuliza: alitafuta nini?

Majibu ni mengi, na kila jibu hufanana na mwenye kulitoa. Mpenda makuu humwita shujaa aliyetamani kilele. Mwenye hadhari humwita mpumbavu, akakumbusha kuwa mpanda ngazi hushuka. Mwindaji husema alifuata windo akapotea. Chui hakusema neno. Tuliosema ni sisi, kisha tukamsingizia yeye.

Je, ni haki kumfanya aliyekufa kuwa mfano wa nia tusiyoijua? Yuko atakayejibu kuwa mnyama hadhuriki kwa masimulizi. Ni kweli, mzoga hauoni haya. Lakini ulimi uliozoea kumhukumu chui hautanyamaza mbele ya binadamu. Kijana huondoka kwao, akaenda mbali, akafa huko. Matanga hayajaanuliwa, watu wamekwisha kuuliza: alifuata nini? Swali hilo lina sura ya huruma, na ndani yake mna hukumu. Mama yake hulisikia, naye hudhurika.

Mwingine atasema: tusipopima makosa ya waliotangulia, tutaonywa na nini? Namjibu kuwa onyo limo katika njia, halimo katika moyo wa aliyeipita. Baridi ya Kibo huua. Kulijua hilo hakuhitaji kuijua nia ya chui.

Reusch alikata sikio la chui yule liwe kumbukumbu. Tusifanye haraka kumlaumu. Yeye alichukua sikio, mwandishi akachukua kisa, wasomaji wakachukua fundisho, nami nimechukua insha. Mzoga wenyewe ulitoweka zamani, ingawa mahali pale pangali pakiitwa kwa jina la chui. Kila apitaye huondoka na kipande, akadhani amempata chui mzima.

Tulijualo ni dogo: alipanda, wala hakushuka. Mwenye kusema hayo akanyamaza amesema kweli, na kunyamaza kwake ni sehemu ya heshima ambayo walio hai huwawia wafu.